Waya Mbichi na Sauti ya Mama Mkwe

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimeshinda! Naandika mara ya pili ili karatasi isikie vizuri: nimeshinda. Duka la vyombo vya muziki, lile la kona ya benki, lilichezesha droo. Watu wamejaa mpaka barabarani, tiketi zimetiwa kwenye ndoo, mkono ukaingia, ya kwanza kutoka ikawa yangu. Zawadi: waya za spika, jozi nzima, nene kama kidole gumba, zimevishwa nguo ya kusuka rangi ya zambarau. Nguo! Mimi fundi makochi mwaka wa ishirini na mbili huu, sijawahi kuona waya uliovaa kunizidi. Lakini sishangai. Wenzangu bahati huwatembelea. Kwangu inalala.

Mke wangu kauliza ni droo gani inachezwa Jumapili. Nikamwambia bahati haina likizo. Akanitazama kama anavyoutazama mchele kabla ya kuuchambua.

Na waya zimekuja wakati wake. Jumamosi baba mkwe anakuja kusikiliza kanda. Hii si kanda ya muziki. Ni sauti ya marehemu mama mkwe. Zamani mzee alikuwa kazini nchi ya mbali, na mkewe, badala ya kumwandikia barua, alimrekodia maneno akayatuma. Kanda moja tu, tena upande mmoja. Mzee kaitunza kwenye kopo la chai miaka yote. Wiki iliyopita aliileta kwetu maana redio yangu ndiyo kubwa mtaani, akakaa, umeme ukakatika. Tukaitazama redio kama wafiwa mpaka jioni. Akaondoka, akaiacha kanda, akaagiza mtu asiiguse mpaka arudi.

Mama mkwe mimi sikumkuta. Alifariki mke wangu akiwa na miaka sita. Mke wangu anasema sauti haikumbuki kabisa, anakumbuka mikono tu, inanukia sabuni. Kanda kaiweka juu ya kabati. Kila akipita chini yake anapunguza hatua, kana kwamba kuna mtu amelala pale juu.

Sasa mama wa watu nimtoe kwenye spika kwa zile waya zangu zilizopauka? Haiwezekani. Atatoka kwa zambarau.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Muuzaji mwenye miwani alinionya: waya hizi bado mbichi. Ukizifunga leo zitatoa sauti ya kubana. Eti lazima zipigwe saa mia moja ndipo zilainike, zifunguke. Nikamjibu najua, mimi si mgeni wa mambo haya. Ndiyo kwanza nasikia.

Saa mia! Nimekaa na kalamu. Mke wangu ni mpishi wa shule, anatoka alfajiri, anarudi saa tisa. Nikipiga redio asubuhi mpaka mchana napata saa saba kwa siku. Hazitoshi. Ila spika ni mbili, na kila spika ina waya wa kwenda na wa kurudi. Waya nne! Saba mara nne, ishirini na nane kwa siku. Alhamisi nimeshavuka mia. Shule niliiacha darasa la sita, lakini hesabu zilinifuata nyumbani.

Nikaanza na muziki wa magitaa na tarumbeta. Huku nagonga kochi la mwalimu mkuu, nikawaza. Kochi jipya likikaliwa na mtu yule yule kila siku, linachukua umbo lake. Akija mwingine anajiona kakalia mapaja ya mtu. Hilo halina ubishi, nimeliona kwa macho. Basi na waya je? Nikizilainisha kwa tarumbeta, Jumamosi mama mkwe si atatoka na sauti ya tarumbeta? Waya za kumtoa yeye lazima zikaliwe na yeye.

Nikapanda stuli.

Mzee alisema mtu asiiguse kanda. Sikuigusa. Nimeishika kwa leso.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nina mama mkwe! Miaka kumi na tano ya ndoa, ndiyo kwanza.

Nilitegemea sauti ya kinyonge, ya picha ya ukutani. Wapi! Mwanamke anafoka tangu salamu. Anamwambia mumewe barua zake ni fupi kama risiti, anaandika kama mtu aliyekatazwa. Anamweleza bati linavuja juu ya kitanda, kaweka sufuria, na sasa analala na sufuria badala ya mume, tofauti haioni. Mtoto kaota jino, ananyonya kama mwenye kisasi. Halafu mtoto anakohoa pale pale, kikohozi kidogo kama paka. Nikaacha nyundo. Kikohozi kile nakijua. Nalala nacho ubavuni kila masika.

Nimeipiga mara kumi na mbili. Kabla ya kutukana anavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Mara ya tisa nikajikuta navuta naye.

Mchana akaja Fundi Redio, jirani yangu, tunagawana ukuta na wivu. Alikuta nimezilaza waya juu ya mito miwili ya sponji zisiguse sakafu. Akauliza zinaumwa nini. Nikamweleza habari ya ubichi. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema waya ni waya, umeme haujui kama umepita kwenye hariri au kwenye kutu. Nikamwambia ndiyo maana duka lake lina buibui na langu lina wateja. Akasema mteja wangu mmoja, mwalimu mkuu, ana wiki tatu anakalia ndoo kwa kusubiri kochi.

Hiyo haikuhusu.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Siku mbaya. Imeanzia kwa mama wa ng'ambo ya barabara. Jana jioni alimvuta mke wangu pembeni, akamwambia: shoga, ukitoka tu kwenda kazini kuna mwanamke anaingia kwako, anamfokea mumeo mpaka mchana, na mumeo anamsikiliza kama mtoto wa chekechea. Eti wanagombania bati.

Mke wangu kaniuliza asubuhi, huku anafunga kanga. Nikasema ni mchezo wa redioni. Kauliza mchezo gani unaorudiwa kila baada ya nusu saa. Nikasema umependwa sana. Akasema kama yupo mwanamke anayeweza kunifokea asubuhi nzima bila mshahara, aje tu, atampunguzia kazi. Akaenda zake anacheka.

Nami nilicheka. Kisha nikakaa kwenye sponji, sikucheka tena. Mama yake alikuwa juu ya kabati, mimi namsikiliza kwa siri, na mwenye mama anapika uji wa watoto mia tatu.

Mchana Fundi Redio akarudi na shuka. Mtihani! Akafunika redio na waya zote, akanigeuza ukutani, akasema atapiga wimbo mmoja mara mbili, mara moja kwa waya zangu za zamani na mara moja kwa hizi za kifalme. Nichague. Nikamwambia alete na mashahidi. Akamleta mama wa ng'ambo.

Wa kwanza ukapigwa. Nikasema: hapa pamebana, magitaa yanasongamana kama watu mlangoni. Wa pili. Loo! Nikainua mkono. Nikawaeleza nasikia hewa kati ya gitaa na ngoma, nasikia mpaka kucha za mpigaji. Hizo ndizo mpya!

Nikageuka. Fundi Redio amezivaa waya zangu shingoni kama skafu. Mara zote mbili alikuwa amefunga zile za zamani.

Nikawaambia inajulikana kuwa waya za zamani zikilala karibu na mpya zinaambukizwa tabia njema. Mama wa ng'ambo akasema basi amlete mumewe alale karibu na mume wa mtu mwingine.

Nimezifunga upya mwenyewe. Bado mbichi tu. Ndiyo sababu.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nilikuwa naipiga kanda. Mara ya arobaini na moja. Nimejaza misumari midogo mdomoni, navuta kitambaa cha kochi, mama mkwe yuko kwenye bati. Nilikuwa nasema naye pamoja, misumari na yote. Alipofika karibu na mwisho, sauti ikazama, nene, nzito, kama mtu anayetumbukia kisimani akiwa bado anazungumza. Kisha kimya.

Nikafungua. Utepe umetoka kwenye kanda yake, umejizungusha kwenye magurudumu ya mashine kama utumbo wa kuku. Nimeutoa kwa sindano ya kushonea, taratibu, robo saa nzima, sijapumua. Umetoka bila kukatika. Lakini kipande cha urefu wa mkono, kuanzia kiwiko mpaka kidoleni, kimekunjamana kama uso wa mtu anayelia.

Fundi Redio yuko nyuma ya ukuta. Hizi ndizo kazi zake. Ningegonga tu.

Baada ya jana? Agonge yeye.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Kwenye ufundi wangu kuna sheria. Kitambaa kikikunjamana vibaya hukipigi pasi, kitang'aa mahali na mteja ataona. Unakata, unavuta, unaunga, unapitisha mshono pasipoonekana. Nimefanya hivyo kwenye makochi ya mahakimu, na mahakimu wameyakalia.

Nikakata. Nikaunga kwa gundi ya karatasi, nikapunguza kingo kwa wembe. Kazi safi! Nikaipiga.

Mama mkwe anafoka vizuri, bati, sufuria, jino, anafika pale anaposema basi, sina la zaidi, halafu hop! Anaruka moja kwa moja kwenye kwaheri, mtoto kaamka. Kama mtu aliyefumbwa mdomo.

Maneno yaliyokatika nayajua kwa moyo. Ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Alisema: ila ukirudi usiniletee viatu tena. Vile vya kwanza vimenibana vidole, nimempa jirani, naye vinambana. Pima kwanza, mwanaume wewe!

Nimekaa na kile kipande mkononi. Nguo ukiikata inakuwa fupi, basi. Mtu ukimkata maneno anakuwa mtu mwingine. Hilo sikuwahi kulifikiri, kwa sababu makochi hayasemi.

Mke wangu karudi na kitambaa kipya cha meza. Kaosha glasi ambazo hatuzitumii. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo si yake, kama nadhani atamtambua mama yake akimsikia. Nikasema atamtambua. Akasema, na je nisipomtambua?

Mpango: pale penye pengo nitasimama na sinia la vikombe, nitajikwaa, niangushe vyote. Kelele itaziba maneno. Vikombe vitano. Ni gharama, lakini mimi si mchoyo.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Baba mkwe kafika saa nne, amevaa koti la suti na joto lote hili. Mke wangu kakaa chini karibu na spika, amekumbatia magoti, mtu mzima mwenye watu wa kumwogopa jikoni. Mzee akanisifia waya. Akasema zimevaa vizuri. Nikabonyeza.

Alipotoka tu na ile salamu ya kufoka, mke wangu akaweka mkono mdomoni. Hakulia. Alisikiliza kwa macho. Mzee akacheka penye barua fupi kama risiti, akapiga goti, akasema ni kweli, alikuwa mvivu wa kuandika. Kikohozi cha mtoto kilipokuja, mke wangu akamtazama baba yake. Mzee akamwambia, ndiyo wewe. Mke wangu akakohoa, bila kujua. Kikohozi kile kile.

Likaja bati. Likaja sufuria. Mke wangu akageuza shingo, taratibu, akanitazama mimi. Bati! Nikatazama dari.

Nikasimama na sinia. Vikombe vinalia vyenyewe. Mama mkwe akasema basi, sina la zaidi. Nikainua mguu nijikwae.

Mzee akafumba macho, akasema yeye. Polepole, kama mtu anayeitikia wimbo: "Nakungoja. Hata ukichelewa, mimi nakungoja."

Na spika ikasema haya, mtoto kaamka, kwaheri.

Sinia limebaki mikononi mwangu. Mke wangu akauliza, baba, mbona hayo maneno sisi hatukuyasikia? Mzee akasema kanda imezeeka, inasahau kama yeye. Ila ndivyo alivyosema. Ndipo mke wangu akalia.

Mimi, ambaye sijawahi kumaliza dakika tano bila kumrekebisha mtu, nilikuwa na ukweli kwenye mfuko wa shati, umekunjwa ndani ya leso. Nikaweka sinia mezani, nikafunga kifungo cha mfuko.

Nikamsindikiza mzee mpaka barabarani. Nilitaka kukiri. Naapa nilitaka. Akaanza yeye. Akasema mashine yake ya kanda huko ugenini iliharibika mwezi wa kwanza tu. Miaka miwili iliyobaki aliisikiliza kanda kichwani, kila siku baada ya kazi, na maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyomrudisha nyumbani. Wenzake wengine hawakurudi. Kisha akatabasamu, akasema: na mimi sikurudi mikono mitupu, nilimletea viatu. Alivipenda sana, mwanangu, hakuvivaa ovyo ovyo.

Nikasema, naam baba. Alivipenda.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu anaosha vikombe ambavyo sikuvivunja. Bila kugeuka akasema: kumbe ndiye huyu mwanamke anayekuja nikiwa kazini. Nikajua leo nalala kwenye kochi la mwalimu mkuu. Akauliza mara ngapi. Nikasema arobaini na moja. Akaacha maji yatiririke. Halafu akasema, basi wewe unamjua kuliko mimi. Nieleze.

Tukakaa hapo jikoni, sakafuni. Nikamweleza anavyovuta pumzi kabla ya tusi. Anavyoshusha sauti akitaja jino, kama anaona aibu kujisifia mtoto. Kwamba kuna kuku anapita nyuma, na yeye anamfukuza katikati ya sentensi bila kubadilisha sauti. Mke wangu akanifanya nivute ile pumzi mara tatu. Akajaribu na yeye. Akaipata mara ya kwanza.

Viatu sikumweleza. Kipande nimekitia kwenye kopo la misumari. Siku mzee akitangulia mbele ya haki, nitampa mke wangu viatu vyake. Kabla ya hapo vinabana.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Fundi Redio kaja asubuhi. Kasema tangu jana mchana haisikiki sauti ya yule shangazi mkali, ukuta umekuwa mpweke. Nikamweleza yote. Hakucheka. Akasema nimpe kile kipande, atakinyoosha, atakirudisha mahali pake kwa dakika kumi, maneno yatatoka na mafua lakini yatatoka. Akaongeza kuwa Alhamisi ningegonga ukuta tu, angekuja na suruali ya kulalia.

Nikamwambia nimekipoteza. Alinitazama sana. Akasema haya, na mtu akipoteza kitu kama hicho si lazima akitafute. Sikujua kuwa mtu yule ana akili. Nitamfunikia kiti chake kitambaa bure. Kikiwa kidogo.

Akataka tuzirudishe waya za zamani, eti tumalize ubishi. Nikakataa. Kwani nani hakusikia jana? Pumzi, kuku, mpaka jino! Hizo ni waya zilizolainika. Mzee mwenyewe alisema alimwona mkewe amekaa mbele yake. Fundi Redio akasema mzee yule angemwona hata kwa waya wa kuanikia nguo. Wivu haujamtoka.

Mchana nimepita pale kona ya benki, kutazama tu. Muuzaji mwenye miwani akaniuliza kama nimebadilisha na waya wa umeme, ule unaotoka ukutani. Nikasema bado. Akashika kichwa. Akasema waya wa spika nimeulainisha, lakini umeme wenyewe unaingia ukiwa mbichi! Ni sawa na kuoga halafu kuvaa nguo chafu. Hilo hata mimi fundi makochi nimelielewa. Anao mmoja, mweusi, una kamba ya dhahabu. Unahitaji saa mia mbili. Nimekwisha kupiga hesabu: una nyuzi tatu ndani, kwa hiyo ni siku kumi tu, na nimeshajua pa kuanzia. Mama wa ng'ambo ana kanda ya harusi yake.

Keshokutwa nauleta. Nitamwambia mke wangu nimeshinda tena kwenye droo, kama zile za zambarau.

Zile za zambarau sikushinda. Hakukuwa na droo, wala ndoo, wala watu barabarani. Nilikuwa peke yangu dukani. Nilinunua, bei kamili, na hata mfuko wa kubebea sikupewa.